Sabufa kwenye stereo ya zamani: inaongeza nini, na waya wake unapita wapi

Nenda duka lolote la redio Kariakoo uulize kama wana sabufa. Utaonyeshwa boksi kubwa lenye spika ndogo mbili pembeni, rimoti, tundu la flashi, taa zinazobadilika rangi na tarakimu nene ya wati iliyobandikwa mbele. Kwa lugha ya mtaani hiyo ndiyo sabufa: mtambo mzima, unachomeka ukutani unapiga. Sasa mtu mwenye amplifaya ya miaka ya 1970 aliyoachiwa na wazee, pamoja na spika zake mbili za mbao, akiambiwa "ongeza sabufa uone raha ya rumba", ananunua mtambo huo. Akifika nyumbani anakuta ni redio nyingine kamili inayojitegemea, wala haina haja na amplifaya yake. Mwingine anakwenda kwa fundi, anachongewa boksi la plaiwudi, linatiwa spika ya gari ya inchi 12, nyaya zinapachikwa nyuma ya amplifaya. Huyu wa pili ndiye ananiuma zaidi, kwa sababu amplifaya ya baba yangu ilikufa hivyo.

Neno ni moja, vitu ni vitatu. Tuvitenganishe kwanza.

Spika ni boksi zima. Ndani yake kwa kawaida mna wufa, ile duara kubwa inayopiga sauti nzito, na twita, ile ndogo inayopiga sauti kali kama za matoazi. Sabufa, kwa maana yake halisi, ni spika yenye kazi moja tu: kupiga sauti nzito kabisa ambazo wufa ya kawaida inaanza kuzikosa. Haitoi sauti ya mwimbaji, haipigi gitaa la solo. Ukiisikiliza peke yake utadhani ni mbovu, maana unachosikia ni mngurumo usio na wimbo.

Sabufa hiyo halisi ina aina mbili. Moja ina amplifaya yake ndani na plagi yake ya umeme; nitaiita sabufa yenye nguvu yake. Nyingine ni boksi tupu linalosubiri kusukumwa na amplifaya ya mwenzake, na ndilo lile la plaiwudi. Kitu cha tatu ni kile cha Kariakoo, stereo ndogo kamili ambayo sabufa ni kiungo chake tu. Kwa stereo ya zamani unayoitaka ni ile ya kwanza.

Ghorofa ya chini ya muziki

Sauti ni hewa inayotetemeka. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja hupimwa kwa hezi: kadiri hezi zinavyopungua ndivyo sauti inavyokuwa nzito. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi 20,000. Waya mnene wa gitaa la solo, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka kwa hezi 82. Waya mnene wa gitaa la besi ni nusu ya hapo, hezi 41. Ile besi kubwa ya kusimama ya taarab, unayoiona kwenye makundi ya Unguja kama Culture Musical Club ikivutwa kwa vidole nyuma ya fidla na kanuni, nayo inaanzia 41.

Spika za kuweka kwenye rafu, zenye wufa ya inchi 5 au 6, nyingi huanza kuishiwa pumzi kwenye hezi 60 au 70. Maana yake noti kadhaa za chini za mpiga besi zinakuja zikiwa dhaifu, au haziji. Spika kubwa za sakafuni za miaka ya 1970, zenye wufa ya inchi 12, hufika 40 hivi zikiwa na afya. Kwa hiyo swali la kwanza si "nahitaji sabufa ya wati ngapi?" Swali ni: spika zangu zinaishia wapi, na muziki ninaoupenda unashuka hadi wapi?

Hapa watu hunipinga. Wanasema, mbona besi naisikia hata kwenye simu, na spika ya simu haizidi ukucha? Ni swali zuri. Waya wa besi hautoi hezi 41 peke yake. Unatoa 41, na juu yake 82, 123, 164 na kuendelea, zote kwa pamoja. Simu inakupigia hizo za juu tu, ubongo unatambua mpangilio wake na kuijua noti ya chini ambayo haikupigwa. Ni kama kumtambua jirani yako gizani kwa kikohozi: umemjua ni nani, ila hujamwona. Besi ya simu na ya spika ndogo ni ya namna hiyo. Noti unaijua, uzito wake hauupati. Sabufa inaleta uzito huo, na ndiyo maana ikifungwa sawasawa huoni kama "besi imeongezeka". Unachokiona ni kwamba mpiga besi ameingia chumbani, ana mwili, amekaa mahali pake karibu na mpiga ngoma.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawajalisikia, nami naliona ndilo kubwa. Sikio letu halisikii sauti zote kwa usawa. Ukipunguza sauti ya redio, besi inapotea mapema kuliko sauti za kati. Harvey Fletcher na Wilden Munson walilipima jambo hili huko Bell Labs, Marekani, wakachapisha matokeo yao mwaka 1933. Ile swichi iliyoandikwa "Loudness" kwenye amplifaya za zamani za Pioneer, Sansui, Marantz na nyingine ilitokana na ujuzi huo: inaongeza besi unaposikiliza kwa sauti ya chini. Sabufa iliyopangwa vizuri inafanya kazi hiyo kwa usafi zaidi. Kwa hiyo mtu anayekuambia sabufa ni ya kusumbua majirani amegeuza mambo. Kwangu inaniwezesha kusikiliza saa nne usiku, watoto wamelala, sauti iko chini, na gitaa la besi bado linatembea wimbo mzima.

Kabla hujatoa hela

Fungua kitambaa cha mbele cha spika zako uangalie ukingo wa wufa, yale mazunguko laini yanayoshika koni (ile sehemu pana inayotetemeka) na fremu. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezewa ukingo wa povu. Povu hilo linaoza lenyewe kwa miaka, na joto na unyevu wa pwani vinaliharakisha. Gusa taratibu kwa ncha ya kidole. Likiwa zima linarudi. Likiwa limeoza linabaki kwenye kidole kama ugoro mbichi, jeusi na lenye kunata, na pale ulipogusa pana tundu. Wufa yenye ukingo uliochanika haina besi, inakwaruza. Hapo dawa si sabufa, ni kubadilisha ukingo, kazi ambayo fundi makini anaiweza na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kitu kipya. Ukingo wa mpira au wa kitambaa mara nyingi bado mzima hadi leo.

Angalia pia umeme. Amplifaya nyingi zilizokuja kama mitumba kutoka Japani zilitengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 120. Umeme wetu ni 230. Bila transifoma ya kushusha, hadithi inaishia kwenye moshi. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti mgongoni. Isome kabla ya kuchomeka. Na kama amplifaya ina umri wa miaka 45 haijawahi kufunguliwa, mpe fundi aangalie kapasita zake kubwa, vile vikopo vinavyohifadhi umeme. Amplifaya inayonguruma yenyewe itanguruma zaidi ukiongeza sabufa, kwa sababu mngurumo wa umeme ni hezi 50 na 100, yaani katikati kabisa ya eneo la sabufa.

Nyaya, mahali ambapo vitu vinaungua

Ile amplifaya ya baba ilikuwa imeandikwa mgongoni, kwa herufi ndogo nyeupe, omu 8 hadi 16. Spika zake zilikuwa za omu 8. Fundi alileta boksi lenye spika ya gari ya omu 4, akaiunga upande wa kulia, juu ya nyaya zilezile za spika ya kulia.

Omu zinapima jinsi spika inavyouzuia umeme. Fikiria pampu ya maji na bomba lenye koki. Koki ikifunguliwa kiasi, pampu inasukuma bila taabu. Ukitoboa bomba tundu la pili kubwa kuliko la kwanza, maji yanamwagika mengi kuliko pampu ilivyoundwa kutoa, nayo inachemka. Omu 8 ni koki iliyofunguliwa kiasi. Omu 4 ni tundu kubwa. Ukiziunga pamoja sambamba hupati 12, unapata 2.7 hivi, kwa sababu umeme sasa una njia mbili za kutokea.

Kwa nusu saa ilipiga, na ilipiga vizuri, nisiseme uongo. Kisha kifuniko kikawa hakishikiki kwa moto, ikaja harufu ya vumbi linaloungua, ndani kukasikika "tik", kisha kimya. Ile "tik" ilikuwa swichi ya ulinzi, ambayo watengenezaji waliiweka ndani ili kukata njia ya spika mambo yakiharibika. Fundi akadhani swichi yenyewe ndiyo mbovu, akairuka kwa kipande cha waya. Muziki ukarudi. Dakika chache baadaye transista za upande wa kulia zikafa, umeme wa moja kwa moja ukapita hadi kwenye wufa ya kulia, na koili yake ikaungua. Vitu viwili vilivyodumu miaka karibu arobaini viliondoka jioni moja kwa sababu ya kipande cha waya kisichozidi kidole. Namsihi kila mwenye stereo ya zamani: ile "tik" ikilia, zima, usitafute njia ya kuiruka.

Sabufa yenye nguvu yake haina tatizo hilo, kwa sababu haiombi nguvu kwenye amplifaya yako. Inaomba habari tu: "unapiga nini sasa hivi?" Nguvu inaipata ukutani.

Habari hiyo inaweza kutoka sehemu tatu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Amplifaya za zamani hazina tundu lililoandikwa "Sub Out", kwa sababu zilipotengenezwa sabufa ya nyumbani ilikuwa bado kitu adimu. Basi mtu anageuza amplifaya, anaona tundu za "Tape Out", anachomeka hapo. Inapiga. Lakini Tape Out ilitengenezwa kwa ajili ya kurekodi kaseti, na sauti yake hutoka kabla haijapita kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza. Ukipunguza muziki, sabufa inaendelea kuvuma palepale. Mtu anahitimisha kwamba sabufa haziendani na stereo za zamani, kumbe amechukua maji kabla ya koki.

Baadhi ya amplifaya zina jozi mbili za tundu zilizoandikwa "Pre Out" na "Main In", zimeunganishwa kwa vyuma vidogo vyenye umbo la U. Hizo ni nzuri. Unavitoa vyuma vile, unatumia waya wenye njia mbili: njia moja inarudi Main In, nyingine inakwenda sabufa. Sauti ya sabufa itapanda na kushuka pamoja na spika. Vitunze vyuma vyako, bila hivyo amplifaya haitoi sauti siku ukitaka kurudi ulikotoka.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa karibu kila mtu: kuchukua habari palepale nyuma, kwenye vishikio vya spika. Sabufa nyingi nzuri zina mgongoni vishikio vya kupokea nyaya za spika. Ndani yake zina omu maelfu, yaani ni tundu dogo kama la sindano kwenye lile bomba letu. Pampu haijui hata kama lipo. Kampuni ya REL ya Uingereza, iliyoanzishwa na Richard Lord mwaka 1990, imejijengea jina kwa kusisitiza njia hii. Uzuri wake ni kwamba sabufa inasikia hasa kile spika zinachosikia, pamoja na ladha ya amplifaya yako na vitufe vyake vya besi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kulia kwa kulia. Waya mwembamba unatosha, kwa sababu haubebi nguvu. Kabla ya kulipa dukani, geuza sabufa uangalie mgongo wake. Nyingi za bei ya chini hazina vishikio hivyo. Kama ulishanunua isiyo navyo, maduka ya redio za magari huuza kidude kidogo kinachoshusha nguvu ya nyaya za spika hadi ile inayofaa kwenye tundu ndogo za sabufa. Kinafanya kazi.

Tahadhari mbili hapa. Amplifaya nyingi zina vishikio vya spika A na spika B, na unashawishika kuweka sabufa kwenye B. Nyingi zitakubali. Lakini baadhi, ukiwasha A na B pamoja, huzipanga kwa kufuatana kama treni, na sabufa yenye omu maelfu ikikaa kwenye treni hiyo inakuwa kizuizi: spika zako zinakaribia kunyamaza. Ukiona hivyo, unga sabufa kwenye vishikio vya A pamoja na spika. Tahadhari ya pili ni kwa amplifaya chache ambazo nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia si njia moja ndani. Ukiziunganisha kupitia sabufa unaweza kuiua. Kabla ya yote, amplifaya ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, spika nazo zimechomolewa, chukua mita ya umeme, iweke kwenye kipimo kinacholia njia zikiwa zimeungana, gusa nyeusi zote mbili. Ikilia, uko salama. Isipolia, usiunge, tafuta fundi anayeujua mchoro wa amplifaya hiyo.

Ukisikia mngurumo wa kudumu baada ya kuunga, chomeka sabufa na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi unaisha au unapungua. Kuna mafundi wanaokata pini ya ethi kwenye plagi ili kuuondoa. Usikubali. Pini hiyo ipo ili siku waya ukigusa chuma cha boksi, umeme uende ardhini badala ya kupita kwa mtoto wako.

Kuhusu wati nitasema machache. Ile tarakimu kubwa ya mbele, elfu kadhaa ya "PMPO", yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, haipimi kitu unachoweza kukisikia. Soma kibandiko cha mgongoni, pale panapoandikwa inavuta wati ngapi kutoka ukutani. Kikisema 60, basi sabufa hiyo haiwezi kukupa wati 5,000 kwa muda wowote wenye maana. Marekani ilichoshwa na tarakimu za namna hii, na mwaka 1974 tume yao ya biashara ikawalazimisha watengenezaji kutangaza nguvu ya kudumu iliyopimwa. Ndiyo maana amplifaya ya mwishoni mwa miaka ya 1970 iliyoandikwa wati 40 inaweza kuufunika mtambo mpya ulioandikwa elfu.

Chumba nacho kinapiga

Sasa tuje kwenye kile ambacho kwa maoni yangu kinaamua zaidi ya bei ya sabufa.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Wimbi la twita la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3 na kitu. Wimbi la noti ya chini ya besi, hezi 41, lina urefu wa mita 8 na zaidi, refu kuliko Coaster. Huwezi kuliingiza Coaster sebuleni bila kugonga ukuta. Linagonga, linarudi, linakutana na linalokuja. Pengine yanaongezana, pengine yanafutana.

Chukua sebule yenye mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta. Wimbi ambalo nusu yake ni mita 4 ni la hezi 43. Mpiga besi akibana waya mnene hatua moja tu kutoka mwanzo, anapiga hezi 43 na kitu. Kwa hiyo katika chumba hicho noti hiyo moja itavuma kama pipa, na zinazofuata zitarudi kawaida. Msikilizaji anasema sabufa inazidisha, au wimbo umerekodiwa vibaya. Chumba ndicho kinachoimba. Nyumba zetu za tofali za saruji huzidisha tabia hii, maana ukuta mzito hauipitishi besi, unairudisha ndani. Madirisha makubwa yaliyo wazi yanaipa mahali pa kutokea. Ndiyo sababu sebule ileile inaweza kuwa na besi ya wastani mchana madirisha yakiwa wazi, na besi nzito ukiyafunga kwa mvua.

Kona ya chumba huongeza besi yote, pamoja na noti zinazovuma. Wauzaji hupenda kukwambia uiweke konani. Kuna njia bora, na haihitaji kifaa. Weka sabufa juu ya kiti chako cha kusikilizia, au palepale kinapokaa. Piga wimbo ambao besi yake inatembea noti nyingi. Kisha wewe uzunguke chumbani kichwa kikiwa chini, pale ambapo sabufa ingeweza kukaa. Nilipofanya hivyo kwangu nilitambaa kwa magoti kando ya kuta zote. Karibu na mlango besi ilikuwa tope, noti zote kitu kimoja. Mbele ya kabati la vyombo noti mbili zilikuwa kali kiasi cha kufanya glasi zilie. Kati ya sofa na ukuta wa dirishani, hatua kama moja na nusu kutoka konani, kila noti ilisimama peke yake, ya juu na ya chini zikilingana. Sabufa ikahamia pale, nami nikarudi kitini. Kilichosikika sakafuni ndicho kilichosikika kitini, kwa sababu njia ya sauti kutoka hapa kwenda pale ni ileile ukigeuza.

Watu huuliza kama sabufa mbili ni bora kuliko moja. Utafiti wa Floyd Toole na Todd Welti katika kampuni ya Harman umeonyesha kwamba sabufa zaidi ya moja, zikiwekwa sehemu tofauti, huisawazisha besi chumba kizima, kwa sababu pale moja inapofutwa nyingine inajaza. Ni kweli, na inasaidia hasa mkisikiliza watu wengi mmekaa huku na huku. Anza na moja hata hivyo. Moja iliyowekwa mahali pake inashinda mbili zilizotupwa konani.

Kama unapiga santuri

Mwenye santuri ana mambo yake. Besi kwenye santuri nyingi za stereo iliwekwa katikati na wakata santuri, kulia na kushoto sawa, ili sindano isiruke mferejini. Kwa hiyo sabufa moja haikupotezei chochote hapo.

Shida ni sindano. Kazi yake ni kuhisi mitetemo midogo mno, nayo haijui tofauti kati ya mfereji na meza inayotikiswa na sabufa. Sabufa inatikisa meza, sindano inasikia, amplifaya inakuza, sabufa inatikisa zaidi, na mvumo unajizaa wenyewe. Jaribu hivi: weka sindano juu ya santuri isiyozunguka, ongeza sauti taratibu hadi unapofika kwa kawaida. Mvumo ukianza kujijenga, sogeza kinanda cha santuri mbali na sabufa au kiweke kwenye rafu iliyofungwa ukutani.

Na santuri iliyopinda kwa joto huipandisha na kuishusha sindano polepole, chini kabisa ya kile sikio linachosikia. Huisikii, ila koni ya sabufa utaiona ikiingia na kutoka kama kifua cha mtu aliyetoka mbioni. Inakula nguvu na inaweza kuumia. Amplifaya nyingi za zamani zina swichi ya "Subsonic" au "Low Filter". Iwashe unapopiga santuri.

Vitufe vitatu

Zima Loudness, rudisha besi na trebo katikati, usikilize spika zenyewe kwa siku mbili tatu hadi uzizoee. Ndipo uwashe sabufa.

Kitufe cha kwanza huandikwa "Crossover". Kinaamua sabufa ianzie wapi kushuka. Si ukuta wa gati, ni ufuko: sauti za juu yake zinapungua taratibu. Kwa spika kubwa anzia hezi 50, kwa spika ndogo 70 au 80. Juu ya 80 sikio linaanza kujua sauti inatoka upande gani, na besi inajitenga na wanamuziki wenzake. Ukiona sauti ya mwanamume inapata kifua kisichokuwa chake, umekipandisha mno.

Cha pili ni "Phase", mara nyingi swichi yenye 0 na 180. Kinaamua kama koni ya sabufa inatoka mbele wakati wufa za spika zinatoka mbele, au zinapishana. Zikipishana zinafutana. Kaa kitini, mwombe mtu ageuze swichi wimbo ukiendelea, na uchague upande wenye besi nyingi zaidi. Ndipo zinaposaidiana.

Cha tatu ni sauti ya sabufa yenyewe. Kishushe hadi sifuri, ukipandishe kidogo kidogo hadi uisikie, kisha ukirudishe nyuma nywele moja. Piga nyimbo tano sita za aina tofauti: rumba, taarab, mtu na gitaa lake tu. Kwenye ile ya mtu na gitaa sabufa isisikike kabisa. Zima sabufa wimbo wa rumba ukiwa katikati. Jukwaa likinywea, na mpiga besi akawa kama ametoka nje, umepatia. Ukiona nafuu ulipoizima, bado iko juu.

Weka alama ya penseli kwenye kila kitufe ulipoishia, maana wiki ya kwanza utavigusa tena na tena. Madirisha yafungwe au yawe wazi, kama unavyosikiliza siku zote, ndipo upange alama hizo.